Kazi kwa Kibaba

Walinijia wazee wawili na mama mmoja, wajumbe wa kamati ya wazazi wa shule ya sekondari iliyo jirani na nyumba yangu hapa Choma. Mmoja wa wazee hao nilimfundisha hesabu alipokuwa kijana, kwa hiyo alinipa shikamoo ya heshima zote, akaulizia afya ya mama mwenye nyumba, ndipo akatoa bahasha. Ndani yake mlikuwa na karatasi mbili za bei kutoka maduka ya Tabora mjini. Wazazi walikuwa wameuza pamba, wamechangishana kidogo kidogo, na sasa wanataka kuwanunulia watoto kompyuta kumi na tano. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya kompyuta za mezani za mtumba, zenye prosesa ya Intel, na pembeni imeandikwa kwa herufi nene: 3.2 GHz. Karatasi ya pili ilikuwa ya vile vikompyuta vidogo viitwavyo Raspberry Pi, ambavyo mtu anaweza kukiweka kimoja katika mfuko wa shati. Hapo palikuwa na 1.5.

"Tumeona hii ni 3.2 na hii ni 1.5," alisema mwanafunzi wangu. "Kwa hesabu ulizotufundisha, mwalimu, hii imeizidi ile zaidi ya mara mbili, na bei zinakaribiana. Tulitaka tu baraka zako."

Niliwaomba wiki moja. Walishangaa kidogo, kwani swali lenyewe lilionekana la darasa la nne. Lakini swali hilo hilo nimewahi kuulizwa miaka ishirini na zaidi iliyopita, nikalijibu siku ile ile, tena kwa sauti kubwa.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2004, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu ambacho hakikuwa na umeme wa gridi. Tulikuwa na jenereta. Tulipata fedha za kununua kompyuta ishirini, nikaitisha kikao cha wakufunzi. Kulikuwa na mkufunzi mmoja kijana wa fizikia aliyependekeza mashine zenye prosesa ya AMD iitwayo Sempron 3100+, iliyokuwa na mwendo wa gigahezi 1.8. Mimi nilikuwa na karatasi ya Pentium 4 ya Intel, yenye gigahezi 3.0. Nikamuuliza mbele ya wenzake: hiyo alama ya kujumlisha baada ya 3100, inajumlisha nini? Wakacheka. Yeye hakujibu, ila aliuliza swali moja tu: "Mkuu, zitaendeshwa kwa TANESCO au kwa jenereta?" Nikasema hilo ni suala la uhasibu, tuendelee na ajenda.

Tukanunua Pentium 4. Prosesa ya aina ile, ya toleo lililotoka mwaka huo wa 2004, ilipangiwa kutoa joto la wati 89 yenyewe peke yake, kabla hujahesabu kioo kizito cha wakati ule na vikorokoro vingine. Sempron ilipangiwa 62. Jenereta ilinguruma kama lori linalopanda mlima. Ulipofika Oktoba, mwezi ambao Tabora yote huwa kama tanuri, vumbi likaziba feni, na mashine zikaanza kuzimika moja baada ya nyingine. Nilikuja kujua baadaye kwamba hata zile zilizobaki zikiwaka hazikuwa zinakwenda kwa gigahezi 3.0, kwa sababu prosesa ile ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo ili isiungue. Kwa maneno mengine ile namba niliyoilipia sikuipata. Dizeli ikatushinda. Kundi la walimu lilihitimu likiwa limegusa kompyuta mara chache sana, na baadhi yao wakaenda kufundisha wakiiogopa. Hilo deni ni langu, na ndilo linaloniandikisha kurasa hizi.

Sasa niseme juu ya ile namba. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde, basi. Haisemi katika kila pigo kazi gani imefanyika. Hapa kwetu mtu anaweza kupiga jembe mara sitini kwa dakika akikwaruza juu juu, na jirani yake akapiga thelathini akizamisha jembe lote. Ukihesabu mapigo utamsifu wa kwanza, ukienda kuangalia tuta utamsifu wa pili. Wataalamu wa Intel waliounda Pentium 4, iliyotoka Novemba 2000, waliigawa kazi katika hatua nyingi fupi fupi ili mapigo yaweze kuongezeka. Mapigo yaliongezeka kweli, na kazi ya kila pigo ikapungua. AMD wao walichimba zaidi kwa kila pigo, wakajikuta wanaonekana wavivu katika matangazo. Ndiyo maana mwaka 2001 wakaacha kuziuza prosesa zao kwa mapigo, wakabuni namba zao wenyewe zenye ile alama ya kujumlisha niliyoifanyia mzaha. Siwatetei sana, maana namba ya kujipa mwenyewe ni kama mwanafunzi kujisahihishia mtihani. Lakini kosa la kwanza lilikuwa la soko, lililofundishwa kusoma namba moja tu.

Kampuni hizi mbili zilizaliwa karibu pamoja huko Kalifornia, Intel mwaka 1968 na AMD mwaka 1969. IBM ilipotoa kompyuta yake ya mwaka 1981 ikachagua prosesa ya Intel, haikutaka kumtegemea muuzaji mmoja, na hivyo AMD ikapata ruhusa ya kutengeneza prosesa za aina hiyo hiyo. Baadaye wakagombana, wakafikishana mahakamani, na mwaka 1991 AMD ikatoa ya kwake iliyofanana na ile ya Intel iitwayo 386, kwa bei nafuu. Huo ulikuwa ushindani wenye faida kwa mnunuzi wa kawaida. Machi 2000 AMD ikawa ya kwanza kuuza prosesa ya gigahezi moja, na Intel ikatoa yake siku mbili tu baadaye. Dunia ikapiga makofi. Mimi huuona mwezi ule kuwa ndipo mashindano yalipopotea njia, kwa sababu tangu hapo waligombea tarakimu. Intel iliahidi Pentium 4 ya gigahezi 4, na Oktoba 2004 ikalazimika kuifuta. Joto lilikuwa limewashinda. Mkuu wa kampuni, Craig Barrett, alipiga goti jukwaani mbele ya hadhira kuomba radhi kwa kuvunja ahadi hiyo. Nasi chuoni, majuma machache tu baada ya goti lile, tulikuwa tunasaini hati ya kununua.

Kulikuwa na jambo lingine chini ya meza. Wakulima wa pamba wa Igunga wataelewa upesi. Mnunuzi mkubwa hana haja ya kutoa bei nzuri iwapo amekwisha kumpoza mwenye mzani asiwapimie wengine. Mwaka 2009 Tume ya Ulaya iliitoza Intel faini ya yuro bilioni 1.06, ikidai kwamba iliwapa watengenezaji wa kompyuta punguzo la bei kwa sharti la kutomnunua AMD, na ikawalipa wengine wacheleweshe mashine zenye prosesa za AMD. Mwaka huo huo Intel ilimlipa AMD dola bilioni 1.25 kumaliza kesi zao. Haki inanilazimu niongeze kwamba mahakama ya Ulaya iliibatilisha ile faini mwaka 2022, na mwaka 2023 Tume ikatoza tena yuro milioni 376 kwa sehemu ya makosa iliyobaki. Wanasheria wana lugha yao. Sisi wanunuzi wa mwisho hatukuuona huo mzani.

Lakini kasoro kubwa ya mashindano yale, kwa macho ya mtu wa Unyamwezi, ni kwamba waamuzi wake hawakuwa walipaji wa umeme. Babu zetu walikuwa wapagazi katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora, na kuendelea mpaka Ujiji. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32, na posho yake ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Mwenye msafara hakuuliza nani anakimbia. Aliuliza mzigo huu utafika wapi kwa vibaba nilivyo navyo, kwa sababu mbele kulikuwa na nyika isiyo na soko. Mpagazi mwenye mbio anayekula vibaba vitatu angeumaliza msafara wote Ugogo. Wataalamu wa leo wanaita kipimo hicho utendaji kwa kila wati, na kimewagharimu miaka mingi kukikubali. Mimi nakiita kazi kwa kibaba.

Waliokifikia kwanza hawakukusudia. Mwaka 1981 kampuni ndogo ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, ilitengeneza kompyuta ya mashuleni iliyoitwa BBC Micro. Walipotaka prosesa mpya hawakuridhika na zilizokuwapo, wakaamua kuibuni yao. Sophie Wilson na Steve Furber waliibuni wakiwa na wasaidizi wachache na fedha kidogo, kwa hiyo waliifanya iwe nyepesi. Ilikuja Aprili 1985. Furber alitaka kupima inakula umeme kiasi gani, akaunganisha kipimo chake, nacho kikasoma sifuri, ilhali prosesa inafanya kazi. Kumbe waya wa kuipa umeme haukuwa umeungwa. Ilikuwa inaishi kwa umeme uliovuja kutoka vifaa vya jirani yake! Kila ninapokumbuka kisa hicho humwona yule mpagazi anayefika Ujiji kwa makombo ya wenzake. Prosesa hiyo iliitwa ARM, na kizazi chake ndicho kilicho ndani ya karibu kila simu ya mkononi inayolia hapa gulioni Choma.

Wakubwa walipotambua kwamba watu wa nchi zetu nao ni soko, mashindano yakaja mpaka milangoni petu. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte alitangaza kompyuta ya dola 100 kwa kila mtoto. Ilipotoka ilikuwa na prosesa ndogo ya AMD ya megahezi 433, isiyokula umeme mwingi, na bei yake ikawa karibu dola 188. Intel ikaleta ya kwake ya wanafunzi, iitwayo Classmate. Mwaka 2007 Intel ikajiunga na mradi wa Negroponte, na Januari 2008 ikajitoa kwa ugomvi. Jirani zetu wa Rwanda walinunua zile za Negroponte zaidi ya laki mbili. Ninachokosoa ni kwamba ugomvi ulikuwa juu ya jina la nani litakaa ndani ya begi la mtoto. Mwalimu atakayesimama mbele ya mtoto huyo alitajwa mwisho, kama alitajwa.

Kesi iliyo wazi zaidi ni ya Nairobi. Januari 2013 Intel na Safaricom walizindua simu iitwayo Yolo, kwa shilingi za Kenya 10,999. Ilikuwa simu janja ya kwanza katika Afrika yenye prosesa ya Intel, aina ya Atom, yenye gigahezi 1.2. Miaka miwili hivi kabla yake soko lile lile lilikuwa limekwisha kupokea Ideos ya Huawei, kwa bei ya chini zaidi, ikiwa na prosesa ya Qualcomm ya ukoo wa ARM yenye megahezi 528 tu. Kwa tarakimu Yolo iliizidi zaidi ya mara mbili, kama vile 3.2 inavyoizidi 1.5. Na kwa kweli ilikuwa na mwendo. Lakini ilimkuta mpagazi mwepesi amekwisha kuijua njia, na programu nyingi za simu zimeandikwa kwa ajili yake. Intel ilimwaga fedha. Kitengo chake cha simu na vishikwambi kilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 4 katika mwaka 2014 peke yake. Mwaka 2016 ikaziacha prosesa za simu. Jitu lililotawala mezani lilishindwa mfukoni.

Msomaji asidhani kwamba walioshinda ni malaika. Nendeni duka lolote la simu hapa mtasikia kijana akisifu, "Mzee, hii ina prosesa ya viini vinane!" Ni kweli, vipo vinane. Prosesa ya Unisoc ya China iitwayo SC9863A, iliyotumika katika simu nyingi za bei nafuu, ina viini vinane vyote vya aina moja ndogo. Ni kama kufunga maksai wanane, wote ndama, kwenye jembe ambalo nafasi ya nira ni ya wawili. Kazi nyingi za simu zinavutwa na kiini kimoja au viwili, wengine wamesimama wakicheua. MediaTek ya Taiwan nayo imecheza mchezo huo. Namba imehama tu kutoka gigahezi kwenda idadi ya viini, na mnunuzi bado anauziwa hesabu ya kwato. Hata hivyo siwezi kuwalaumu kwa yote, kwa sababu wao ndio walioishusha bei mpaka muuza karanga akamiliki simu, tena inayodumu siku nzima kwa chaji moja, mahali ambapo jirani mwenye sola hutoza kuchaji.

Nashangaa pia jinsi tulivyo wepesi wa kusahau. Mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana, serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Baada ya sensa ya mwaka 2022 vishikwambi vilivyotumika kuwahesabu watu 61,741,120 viligawiwa kwa walimu. Nimeviona mikononi mwa vijana wanaofundisha hapa, na swali lao la kwanza ofisini asubuhi ni nani ana chaji.

Nirudi kwenye bahasha ya kamati. Nilikaa na kalamu. Nikaipa kila mashine ya mezani pamoja na kioo chake wati 100, na kila kile kidogo wati 6, na kioo chake wati 20. Ni makadirio, lakini si ya upendeleo. Mashine kumi na tano za kwanza ni wati 1,500, kwa saa tano ni uniti 7.5 kwa siku, na kwa siku 22 za masomo ni uniti 165 kwa mwezi. Zile ndogo ni wati 390, uniti 1.95 kwa siku, karibu uniti 43 kwa mwezi. Umeme ukikatika kuna betri. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inatoa wati-saa 600. Zile kubwa zitaimaliza kwa dakika 24. Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Zile ndogo zitakwenda saa moja na nusu, yaani vipindi viwili na mwalimu akabaki na muda wa kuita majina.

Sikuwaficha upande wa pili. Intel ya leo si ile ya 2004. Ilijirudi mwaka 2006, na prosesa hizo za mtumba zikiwa hazina kazi nzito hutulia zenyewe na kula kidogo kuliko nilivyoandika. Kompyuta ya mezani ikiharibika fundi wa Igunga au Nzega ataifungua, vipuri vipo. Kile kidogo huweka kumbukumbu zake katika kadi ndogo kama ya simu, na umeme ukikatika ghafla kadi inaweza kuharibika kazi ya mtoto ikapotea. Fundi wa kukifungua hapa Choma hayupo. Kwa hiyo niliandika: vidogo kumi na vinne, na moja kubwa ya mtumba ya kuhifadhia kazi za watoto wote, na fedha itakayobaki inunue betri kabla ya kitu kingine chochote.

Yule mama, ambaye siku ya kwanza hakusema neno, alisoma karatasi yangu mpaka mwisho. "Mwalimu," akasema, "wazazi wametoa pamba yao. Nikiwaambia tumeacha 3.2 tukachukua 1.5, watasema kamati imekula." Nikamwambia awaeleze habari ya kibaba. Akacheka, akasema ataeleza, lakini atakwenda na karatasi ya uniti.

Walipoondoka nilitafuta namba ya yule mkufunzi wa fizikia. Siku hizi ni mkuu wa shule, mkoa wa Kigoma. Sikuwa nimempigia tangu nistaafu. Tulisalimiana kirefu, tukaulizana watoto, ndipo nikamwambia kuna shule inanunua kompyuta kumi na tano na ningependa kusikia maoni yake, kisha kuna jambo la mwaka 2004 ambalo nilikuwa sijalimaliza. Alinyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Mkuu, zitaendeshwa kwa TANESCO au kwa sola?"

Safari hii karatasi ilikuwa mbele yangu, nikaanza kumsomea.